Chumba cha Mtu Mmoja

Siku ya Jumapili nyumba ya Papa Anaclet haina mlango. Mlango wa mbao upo, na kufuli mbili unazo, lakini kuanzia saa sita mchana unakaa wazi kama mdomo wa Tonton Lucien, na yeyote anayepita Chaussée de Wavre akanusa sombe, kisamvu chetu, inavyoshuka ngazi anajihesabu kuwa amealikwa. Ndivyo tulivyo Wakongo wa Brussels. Kodi ya nyumba tunailia, bili ya gesi tunailaani, lakini mgeni akute sufuria tupu? Afadhali watuzike.

Jumapili hiyo ya mwezi wa tisa watu walijaa mpaka bafuni, ambako vijana wawili walikula wamekaa kwenye ukingo wa beseni, sahani magotini. Papa Anaclet mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake chenye mito, mguu wa kushoto kaunyoosha mbele kama kizuizi cha polisi, kila anayepita anauruka na kuomba radhi. Nyonga ilikuwa imekwisha. Miaka ya kusukuma mashuka yaliyolowa katika kiwanda cha kufua nguo za hoteli, nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, ilikuwa imeisaga, na mwezi wa kumi madaktari walipanga kuitoa na kumwekea nyingine ya chuma. Alikuwa na miaka hamsini na minane: mzee mno kwa kubeba, kijana mno kwa pensheni. Kwa watu waliokwama hapo katikati, Wabelgiji wana neno lao, invalidité, na neno hilo humlipa kidogo kila mwezi kupitia mutuelle, yaani chama cha bima ya afya, ambacho kila mtu wa nchi hii lazima awe nacho kama anavyokuwa na jina.

"Weye, mon cher, uko fonctionnaire, mutumishi wa bugonjwa," Tonton Lucien alimwambia, huku akigeuza vipande vya kuku atafute paja. "Unalala, banakulipa. Unaamuka, banakulipa. Miye nitavunjika lini?"

"Kuya, Lucien, tubadilishane. Nikupe franga pamoja na maumivu yake. Siuzi kimoja kimoja."

Watu wakacheka, na Anaclet akacheka kuliko wote. Kwetu mgonjwa ana kazi: kuwachangamsha wanaokuja kumpa pole.

Kosa lilifanywa na Maman Viviane, mkewe, ambaye kwa kawaida hakosei. Alitoka jikoni na bakuli la ugali mikononi, akasema mbele ya umati, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi:

"Anaclet, usisahau, kesho tunaenda juu ya mambo ya mutuelle. Mbele mwezi uishe, tuchague."

Tuchague! Neno likaanguka mezani, na papo hapo kila mtu akawa mgombea.

"Ya baliberali," alisema Lucien. "Miye niko mule tangu zamani. Banaheshimuka muntu."

"Lucien, weye na baliberali munajuana wapi?" Aliyeuliza ni Maman Nathalie, rais wa chama chetu cha kusaidiana, mama ambaye hata akikuuliza saa unahisi unapaswa kusimama. "Papa Anaclet ni mukristo. Kuko mutuelle ya bakristo, imeandikwa mupaka kwa mulango. Unabatizwa kwa Yesu, kisha bugonjwa unapeleka kwa bapagani?"

"Basosialisti banalipaka lunette," alisema Nday, kijana wa Lubumbashi aliyevaa miwani mipya ya kumshuhudia. "Angalia hii. Miye naona mupaka zambi za batu."

Msicheke, ndivyo nchi hii ilivyo: mutuelle zilizaliwa na vyama vya siasa na makanisa, hata kukohoa kuna chama. Na sisi, ambao tulikimbia kwetu kwa sababu ya vyama, tumevipenda mara moja. Papa Anaclet peke yake hakuwa na la kutetea. Mutuelle yake ya sasa aliingia mwaka ule alipofika kwa sababu ofisi ilikuwa mbele ya kituo cha tram na mvua ilikuwa inanyesha.

"Kuko na ingine," alisema Viviane. "Ile ya serikali. Haiombake cotisation, ule muchango wa kila mwezi, hata franga moja. Na dawa banarudisha sawasawa na zingine zote, ni sheria. Tangu Anaclet aingie invalidité franga ya nyumba imepunguka. Juu ya nini tulipe fasi tunaweza kosa kulipa?"

Kijiko kikasikika kikigonga sahani. Lucien akaliweka paja chini, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Ya serikali? Viviane! Serikali ile ilikuwa inafungiaka bamama bamezala kwa maternité kule Bukavu mupaka bwana alete mbuzi ya kulipa?"

"Ile ni serikali ingine, Lucien."

"Serikali ni serikali. Inabadilisha tu ngozi."

"Na chambre, chumba ya kulazwa?" Maman Nathalie akadaka. "Kwa ya bure hakuna chambre ya pekee. Batamulaza na batu. Muntu na kikohozi chake, muntu na televizyo yake. Na siye tutaingia aje? Kule banapokeaka bageni wawili, kisha madame muuguzi wa blouse blanche anakuya kuangalia saa. Masufuria tutaweka wapi?"

Hapo alimpiga Anaclet pale penyewe. Kwetu mgonjwa hapimwi homa tu, hupimwa wageni. Tunakwenda hospitali ukoo mzima, kwaya na sufuria, na tukitoka, kwenye lifti, tunalinganisha: yule wa mwaka jana alijaza korido, huyu amepata wanne na mmoja alikuwa amepotea njia. Tangu nyonga imtoe kazini, simu ya Anaclet ilikuwa imejifunza ukimya. Wenzake wa kiwandani walimwandikia mwezi wa kwanza, wa pili wakamtumia picha ya gari la mizigo, wa tatu hawakutuma kitu. Kilichobaki kumwambia kwamba bado ni mtu ni mlango huu wa Jumapili. Akalala kwenye chumba ambacho mlango wake unaruhusu wawili tu, je, kesho yake atakuwa nani?

"Chambre itakuwa particulière," alisema, akainua kidole kama waziri. "Nimeamua zamani. Nalipa assurance ya hôpital, nalala peke yangu, muje bote. Na bale bako kwa beseni, nabo baje."

Makofi yakapigwa mpaka bafuni. Maman Viviane peke yake hakupiga. Alirudi jikoni akaosha sufuria iliyokuwa safi.

* * *

Kesho yake walikwenda kwanza kwenye mutuelle yao ya zamani. Anaclet alivaa suti ya kijivu na tai, maana kwa mkubwa huendi na sweta, hata kama mkubwa ni binti wa miaka ishirini na mitano aliye nyuma ya kioo akila biskuti. Magongo mawili na tai ya hariri: alifanana na mkurugenzi aliyegongwa na kampuni yake mwenyewe.

Binti alizungumza polepole na kwa sauti kubwa, kama tunavyozungumziwa mara nyingi, kana kwamba nyonga na masikio ni kiungo kimoja. Anaclet alijibu kwa Kifaransa cha shule ya mapadri, chenye vitenzi ambavyo binti hajawahi kukutana navyo, na baada ya hapo wakaelewana vizuri.

Bima ya hospitali? Ndiyo, ipo. Monsieur anaweza kujiunga leo. Ila lazima angoje miezi sita ndipo ianze kulipa. Na ile nyonga, kwa kuwa iliharibika kabla ya kujiunga, italipiwa katika chumba cha pamoja tu. Chumba cha mtu mmoja, hapana.

"Kwa hiyo nikilipa, nitalala na watu. Nisipolipa?"

"Utalala na watu vilevile, monsieur. Na bima ya lazima, ile ya kila mtu, italipa karibu yote."

"Na nikichukua chumba cha mtu mmoja kwa jeuri yangu tu?"

Binti akaweka biskuti chini. Katika chumba cha pamoja, alisema, daktari haruhusiwi kuongeza kitu juu ya bei yake. Katika chumba cha mtu mmoja anaruhusiwa: mpasuaji anaongeza, wa usingizi anaongeza, na chumba chenyewe kinadai chake. "Deux mille, trois mille, euro elfu mbili, tatu. Inategemea. Nimeona na zaidi."

Viviane alikuwa na mille quatre cents, euro elfu moja na mia nne, kwenye akaunti ambayo Anaclet alijua ipo lakini hakujua namba yake ya siri. Zilikuwa ada za Noé, mtoto wao wa mwisho, mwaka wa pili chuo kikuu. Viviane alizipata kwa kumtunza, mchana na usiku wa wikendi, bibi mmoja wa mtaa wa Uccle ambaye huamka mara tano kuulizia paka aliyekufa siku nyingi. Hakuzitaja. Alimtazama tu mumewe kwa pembe ya jicho, na Anaclet akarekebisha tai.

Walichukua tram mpaka ofisi ile ya serikali. Kabla ya kuingia Anaclet alichungulia foleni: kama kuna mtu wa Matonge, mtaa wetu, yeye amekuja kuuliza njia. Alikuwepo mama mmoja, mtu wa kwetu kabisa kwa jinsi alivyofunga kitenge. Mama alimwona Anaclet, akavuta skafu mpaka puani. Anaclet akageukia tangazo la chanjo ya mafua na kulisoma kwa mapenzi. Dakika zote zile wote wawili walikuwa watu wa Martinique, si Wakongo.

Dirishani palikuwa na mwanamume mwenye mvi na fulana ya kufuma. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba uhamisho utaanza na robo mpya ya mwaka, tarehe mosi mwezi wa kumi, kwamba faili lote litahamia kwao, na kwamba malipo ya invalidité yatatoka kwao badala ya kule. Cotisation: hakuna.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa."

Anaclet akainama kwenye kitundu cha kioo. Swali lilikuwa limemkaa tangu jana. "Na nikishindwa kulipa hospitali, mtanizuia kutoka?"

"Pardon?"

"Nikipona. Mtaniachia niende nyumbani?"

Mwenye mvi alimtazama, akatafuta mzaha usoni mwake, asiuone. "Monsieur," alisema taratibu, "huku malalamiko ni kinyume. Watu wanasema wanatolewa mapema mno."

Anaclet akasaini.

Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya Brussels isiyonyesha wala kuacha. Viviane alimshika mkono kushuka ngazi.

"Utabaambia?"

"Nitabaambia."

"Bote?"

"Viviane, batu si muzigo. Nitabaambia polepole."

"Sikiya vizuri. Siku ile kwa hôpital batakuuliza chambre gani. Miye pengine nitakuwa kazini. Ukiandika particulière, ni masomo ya Noé umeandika. Unasikia? Si kitanda, ni Noé."

"Niko na nyonga mbovu, kichwa iko muzima."

"Tutaona," alisema Viviane.

* * *

Jumapili iliyofuata Tonton Lucien aliuliza, bado yuko mlangoni, koti hajavua: "Alors? Mumechagua?" Anaclet alifungua mdomo kusema ukweli. Ukweli ulipanda mpaka kooni, na pale ukakuta watu wote wamenyamaza kumsikiliza, jambo ambalo halikuwa limemtokea siku nyingi.

"Mambo imepangika," alisema.

"Ya chambre?"

"Nasema imepangika."

Kwa hayo maneno mawili sisi tukajenga hospitali nzima. Maman Nathalie alitangaza zamu za kupika. Nday aliahidi spika ndogo. Mtu akasema chumba kina sofa, mwingine akasema dada yake alilazwa mule akaletewa menu kama ya ndege. Kufikia saa kumi jioni chumba cha Papa Anaclet kilikuwa na balcony. Yeye alikaa kimya kwenye mito yake, akatabasamu kama mtu anayeona nyumba yake ikiuzwa kwa bei nzuri na watu wasio na hati.

* * *

Siku ya kulazwa alipanga kwenda peke yake, kwa tram, saa nane mchana. Saa saba Lucien alipiga honi chini.

"Nikuache uende peke yako? Miye ni munyama?"

Alimbebea begi, akamfungulia mlango wa gari, akamfunga mkanda kama mtoto. Njia nzima alizungumza. Anaclet alitazama maduka ya vitenge yakipita, na midomo ikimchezea: Lucien, simama kidogo. Lucien, kuko kitu. Taa za barabarani zote zilikuwa za kijani. Ukitaka zikuokoe huwa hivyo.

Pale mapokezi ya hospitali Lucien hakukaa kwenye viti. Aliegemea kaunta kwa kiwiko, kama ndugu wa damu, na mama wa mapokezi alipouliza kuhusu mutuelle Anaclet alimpa kitambulisho haraka haraka, amefunika kwa kiganja kama mtu anayemhonga polisi. Mama alikisoma kwenye mashine. Kwake ilikuwa namba tu. Kisha akageuza karatasi.

"Chambre commune ou individuelle?" Cha pamoja, au cha mtu mmoja?

"Individuelle," alisema Lucien. "Monsieur attend du monde, ana wageni wengi."

"Ni monsieur anayesaini," alisema yule mama, macho kwa Anaclet. "Unajua kwamba chumba cha mtu mmoja kina nyongeza? Una bima ya hospitali?"

"Uko nayo, tena ya juu," Lucien akamnong'oneza Anaclet kwa Kiswahili, akimkonyeza. "Mwambie. Beko banaona koti yetu, banafikiri tuko batu ya commune."

Kalamu ilikuwa imefungwa kaunta kwa kamba. Anaclet aliitazama ile kamba. Alikuwa na sentensi kumi tayari, zote za kweli, na mbili kati yake zilikuwa hata za kuchekesha. Ila Lucien alikuwa amesimama pale, amevaa viatu vyake vya kwendea harusi, kwa ajili yake. Na nyuma yao foleni ilikuwa inakohoa. Na sisi, tuseme ukweli, hatujawahi kufundishwa namna ya kuwa maskini mbele ya rafiki. Mbele ya serikali tunaweza. Mbele ya Mungu tunajivunia.

Akasaini mahali pa mtu mmoja.

* * *

Sofa ilikuwepo kweli. Dirisha lilionyesha paa za jiji na kanisa moja refu. Kufikia saa kumi na mbili jioni kile chumba kilikuwa kimejaa hadi kwenye kabati, na hapo ndipo mtoto wa mtu alipojificha. Masufuria yalipangwa dirishani, pondu, yaani sombe ileile, samaki wa chumvi, mikate ya ndizi. Maman Nathalie aliomba sala yenye mikoa. Alianzia Uvira, akapanda Bukavu na Goma, na alipofika Ubelgiji samaki alikuwa amepoa. Lucien alikuwa akiwaonyesha wapya kitufe kinachoinua kitanda.

"Angalia. Nafinya, Papa anapanda. Nafinya, anashuka. Ni ya ministre hii!"

Anaclet alipanda na kushuka. Hakuwahi kupendwa hivyo. Alimhesabu kwa furaha kila mgeni aliyeingia, kisha akakumbuka mpasuaji anaongeza, wa usingizi anaongeza.

Maman Viviane alifika na viatu vyake vya kazi, vyeupe, vya mpira. Bibi wa Uccle alikuwa amegoma kumwachia mpaka paka apatikane. Alisimama mlangoni akatazama sofa. Akatazama kitanda kimoja. Watu walimpisha wakimshangilia, "Maman patronne! Kuya uone hôtel!" naye akapita katikati yao mpaka penye kichwa cha mumewe, akainama kama anayembusu.

"Umeandika nini?"

"Lucien alikuwa pale kwa…"

"Lucien sikumuuliza."

Kitanda kikaanza kupanda peke yake. Mtoto wa kabatini alikuwa amekipata kitufe.

"Sasa minawaza hivi," Viviane alisema chini chini, sauti haina hasira, imechoka tu. "Ningeweza kusema miye. Lakini nilisemaka mara moja mbele ya batu, nikaona matokeo. Leo sema weye. Ukiona haya yako ni kubwa kuliko Noé, nyamaza, miye nitalipa. Nitaongeza usiku."

Akafungua sufuria, akafunga. Hakuwa na njaa.

Anaclet alimtazama miguu. Soksi zilikuwa zimeacha alama juu ya kifundo, duara mbili nyekundu, na miguu yenyewe ilikuwa imevimba ikafurika pembeni mwa viatu. Akanyoosha mkono akabonyeza kengele ya muuguzi.

Muuguzi aliingia tayari amekasirika, akataka kuanza na masufuria. Anaclet akamwahi. Alisema kwa Kifaransa chake cha mapadri kwamba angependa, kama isingekuwa usumbufu, kubadilisha uamuzi wake na kuhamia chumba cha pamoja, kuanzia sasa hivi, kabla daktari yeyote hajamgusa. Kisha, kwa kuwa waliokuwa nyuma hawakusikia na walikuwa wanaulizana, akalisema kwa lugha ya nyumbani.

"Bandugu. Niko kwa ile ya serikali. Ya bure. Ile assurance ya chambre sinayo, sijawahi kuwa nayo. Nilibaongopea. Tukibaki humu, kesho banapasua nyonga na kesho kutwa banapasua mufuko."

Lucien ndiye aliyeumia zaidi, maana ndiye aliyekuwa amesimama kaunta. Alikichukua kile kitufe mikononi mwa mtoto, akakirudisha mahali pake taratibu.

"Nilisema individuelle," alisema. "Kwa mudomo yangu."

"Ulisema weye. Lakini niliandika miye."

"Ungenifinya hata muguu, Anaclet!"

"Ulivaa viatu vizuri. Niliogopa kuvichafua."

Ikawa bahati kwamba Nday hana adabu. "Kwa hiyo ya serikali," aliuliza, miwani ikimeta, "banamufungia mupaka tulete mbuzi?" Maman Nathalie alitaka kumkemea, kikamtoka kicheko badala yake, kicheko cha mama mzito, na chumba kizima kikamfuata, hata muuguzi, ambaye hakuelewa hata neno moja. Kitanda kilikuwepo, alisema akifuta macho, chumba cha watu wawili mwisho wa korido. Karatasi nyingine ikaletwa. Safari hii Anaclet alisaini bila kutazama kamba ya kalamu, haikuwa nayo.

Basi tukahama. Muuguzi na Lucien walisukuma kitanda, Anaclet amekaa juu yake wima, mikono kifuani. Nyuma yao Maman Nathalie na pondu, nyuma yake samaki, nyuma yake mikate, nyuma yake watoto, na Nday na spika aliyosahau kuizima. Mtu alianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na sisi tukisikia wimbo hatuwezi kuuacha uende peke yake. Milango ikafunguka korido nzima. Mzee mmoja mwenye mpira wa dripu alituona, akafanya ishara ya msalaba. Anaclet akampungia mkono ili ajue maiti yuko salama.

Mlango wa chumba kile ulikuwa mwembamba. Ndani, nyuma ya pazia, Mbrussels mmoja mzee alikuwa anatazama mpira, televisheni yake inapiga kelele kama soko la Jumapili. Muuguzi aliingiza kitanda, akageuka, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Deux," alisema. "Wageni wawili. Wengine kesho. Monsieur achague."

Tukasogea wote hatua moja mbele, kwa heshima. Maman Nathalie alinyoosha kitambaa cha kichwa. Yeye ni rais. Lucien alikuwa bado ameshika chuma cha kitanda. Anaclet alitutazama uso baada ya uso, watu wake wote, sufuria zake zote.

"Viviane," alisema.

"Et le deuxième, wa pili?"

"Ni yeye tena."

Kulikuwa na minong'ono, tusiongope. Kuna waliosema kwenye lifti kwamba bima ya serikali imeanza kumharibu tabia. Maman Nathalie alishuka na pondu yake akisema hajaona jambo kama hilo tangu Uvira, na kwamba kesho saa tisa yeye ndiye wa kwanza, na wa pili atamteua mwenyewe. Lucien alibaki nyuma kidogo, akavuta blanketi likafunika mguu mbovu, kisha akatuwahi.

Viti vilikuwa viwili, kweli, vya plastiki. Maman Viviane alikaa kimoja. Cha pili alikivuta mbele yake, akavua viatu, akapandisha miguu juu yake, na kabla Anaclet hajapata neno la kumwambia alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkoba bado begani. Upande wa pili wa pazia mtu akafunga goli, na televisheni ikalipuka.

"Monsieur," Anaclet aliita, sauti chini. "Punguza kidogo, tafadhali. Niko na wageni."